Presha ya oili yashuka injini ikishika moto, na ovaholi imefanywa juzi

*“Asalaam aleikum ami. Nina jenereta ya kVA 30, injini ni Perkins 4.236 ya silinda nne, hapa Lamu. Naitumia kutengenezea barafu ya wavuvi stima inapokatika, na siku nyingine usiku kucha. Ilianza kula oili na kutoa moshi, nikaifanyia ovaholi: krenki ikapelekwa Mombasa ikasagwa, beringi mpya za 020, pistoni, laina na ringi mpya. Fundi akaiunganisha hapa hapa uani. Sasa ikiwashwa asubuhi geji yasoma psi 50. Ikishabeba mzigo kama dakika 40, inashuka hadi 12, taa nyekundu inapepesa, kisha injini inajizima. Nilimwaga 15W-40 nikatia SAE 50, presha ikapanda hadi 16 kwa siku mbili tatu, ikarudi pale pale. Oili haipungui, alhamdulillahi, tena kwenye kijiti naiona kama imezidi kidogo. Fundi wangu asema ninunue pampu mpya ya oili. Mwingine asema niongeze washa nyuma ya springi ya valvu. Jirani ameniambia niikate waya ya swichi ya kuzima, nifanye kazi mpaka msimu wa kaskazi uishe, ndipo niifungue. Pesa zimeniishia. Nifuate lipi?”*

Waaleikum salaam, mwanangu. Nianze na lile la jirani kwa sababu halisubiri: usiikate hiyo waya. Swichi za namna hiyo nyingi huzima injini presha ikikaribia bar 1, yaani psi 14 na nusu, na yako inafanya kazi iliyowekewa. Krenki, yaani ule mhimili mkuu unaozungushwa na pistoni, inapozunguka haigusi beringi, huelea juu ya utando mwembamba wa oili. Utando ukikatika, chuma hukutana na chuma, beringi hushika na kuzunguka ndani ya kikalio chake, na konrodi, yaani mkono unaounganisha pistoni na krenki, ikikatika hutoboa bloku. Hapo hakuna tena la kutengeneza. Leo una tatizo linalotibika, kwa hiyo injini ikae kimya mpaka tujue kinachoendelea.

Najua kinachokuuma. Umetoa pesa, injini imefunguliwa na kufungwa, na badala ya kupona imerudi na ugonjwa mwingine. Unaogopa kwamba kazi yote iliharibika na utaanza moja. Huenda ikawa hivyo, huenda pia isiwe, maana katika maneno yako mwenyewe kuna jambo ambalo hao waliokushauri hawakuliuliza. Nitalifikia. Kwanza nataka ujue presha inatoka wapi, kwa sababu ukilijua hilo hakuna atakayekuuzia spea usiyoihitaji.

Pampu ya oili haitengenezi presha. Kazi yake ni kusukuma oili, karibu kiasi kile kile kwa kila mzunguko. Presha huja kwa sababu oili hiyo inalazimishwa kupita kwenye mianya myembamba: kati ya krenki na beringi zake kuu, kwenye beringi za konrodi, kwenye kamshafti, na kule juu kwenye roka, vile vyuma vinavyofungua valvu za silinda. Fikiria pipa lenye matundu madogo chini, nawe unalimiminia maji bila kukoma. Maji yatapanda mpaka yale yanayotoka yalingane na yanayoingia, kisha yatatulia. Kimo kile ndicho presha yako. Ukiyapanua matundu, kimo kinashuka ingawa unamimina vile vile. Ukitia kitu chepesi kinachopenya upesi kuliko maji, kinashuka pia.

Kwa hiyo mambo makubwa ni mawili, upana wa mwanya na uzito wa oili, lakini hayana nguvu sawa. Oili inayopita kwenye mwanya huongezeka kwa mchemraba wa upana wake: mwanya ukiwa maradufu, uvujaji unakuwa mara nane. Chukua shingo kuu za krenki yako, yaani zile sehemu zinazokaa ndani ya beringi kuu, ambazo kipenyo chake ni kama milimita 76. Kanuni ya jumla ya mafundi ni mwanya wa sehemu moja kwa elfu ya kipenyo, yaani kama milimita 0.075. Tuseme aliyesaga alipitiliza kwa milimita 0.05 tu. Jicho halitaona, kidole hakitahisi, na pengine injini haitagonga. Lakini mwanya umekuwa milimita 0.125, na oili inayotoka hapo ni zaidi ya mara nne na nusu ya iliyokusudiwa. Ndiyo maana kazi ya krenki haipimwi kwa macho wala kwa kuitikisa konrodi kwa mkono.

Upande wa oili, joto ndilo linaloamua. Oili ya 15W-40 katika nyuzi 100 huwa nyepesi karibu mara saba kuliko ilivyo katika nyuzi 40. Asubuhi yako, oili ikiwa bado nzito, hata mianya iliyopanuka inaweza kuonyesha psi 50. Baada ya dakika 40 za mzigo oili imekuwa nyepesi, inapita inavyotaka, na mshale unalala.

Kushuka huko taratibu ndiko kunakoniongoza. Ungeniambia presha ni ndogo tangu injini iko baridi, ningetafuta kwingine kwanza: valvu ya kupunguzia presha iliyokwama wazi, chujio la pampu lililozibwa na vipande vya silikoni iliyopakwa kwa wingi kwenye gasketi, au kizibo cha mfereji wa oili kilichosahaulika bloku ilipooshwa. Ungeniambia mshale unarukaruka, ningesema pampu inavuta hewa. Yako inaanza vizuri na kushuka kadiri joto linavyopanda. Huo ni mwendo wa oili nyepesi, au mianya mipana, au vyote viwili pamoja.

Sasa tuzipime zile dawa ulizopewa. Washa nyuma ya springi haitakusaidia kitu. Ile valvu ya kupunguzia presha ni mlango wa dharura: presha ikizidi kiwango, inafunguka na kurudisha oili kwenye sampu, lile karai la oili chini ya injini. Ikiwa presha ni 12, mlango umefungwa zamani, na kuufunga kwa nguvu zaidi hakubadilishi lolote. Utakachopata ni presha ya kupita kiasi asubuhi injini ikiwa baridi, na hapo filta inaweza kupasuka au gasketi yake kutoka. La maana kwenye valvu hiyo ni kuitoa, kuisafisha, kuangalia kama springi imekatika au kama kuna uchafu uliokaa chini ya kiti chake, na kuirudisha ilivyokuwa.

Pampu, siwezi kumkatalia fundi wako kabisa. Pampu iliyochakaa nayo huonyesha udhaifu oili ikishapata moto, maana oili nyepesi huirudia ndani kwa ndani. Lakini pampu inapimwa, haikisiwi. Sampu ikiwa wazi, ingiza fila geji, vile vibamba vyembamba vya kupimia mwanya, kati ya rota na nyumba yake, na kati ya rota na kifuniko, kisha linganisha na kitabu cha injini. Ikiwa imo ndani ya kipimo, pesa zako zibaki mfukoni. Kununua pampu kwanza na kupima baadaye ni kuianza kazi mkiani.

Kuhusu SAE 50, umejifanyia jaribio zuri bila kujua. Oili nzito ilipandisha presha kwa psi 4, maana yake mfumo unaitikia uzito wa oili. Kisha baada ya siku mbili tatu ikarudi pale pale. Hapa ndipo niliposimama nikausoma ujumbe wako tena. Mwanya wa beringi hauwezi kupanuka kiasi hicho kwa siku mbili bila kelele. Kilichobadilika ni oili yenyewe. Oili nzito, mpya, imekuwa nyepesi ndani ya siku chache, na wewe mwenyewe umesema kwamba kwenye kijiti imezidi. Hukuongeza, lakini imezidi. Ulishukuru kwamba haipungui, na hilo ndilo lililonishtua kuliko psi 12.

Injini haizai oili. Kiasi kikipanda, kuna kitu kimeingia. Maji huifanya oili iwe nyeupe kama maziwa, nawe ungeliona hilo. Kinachobaki ni dizeli. Dizeli ikifika hata asilimia 5, oili ya daraja la 40 hushuka ikakaribia daraja la 30, na joto likiongezeka juu ya hapo presha haina pa kushika. Halafu kuna hatari nyingine: oili iliyozidi na kuchanganyika na dizeli inaweza kuvutwa kupitia bomba la kupumulia hadi kwenye njia ya hewa, injini ikaanza kujilisha yenyewe na kuzidi mwendo, na ukifunga dizeli haizimiki. Ndiyo sababu nyingine ya kutoiwasha sasa.

Jaribio lake halina gharama. Chomoa kijiti, dondosha tone moja kwenye tishu nyeupe, uiache nusu saa mahali pasipo upepo. Oili safi huenea taratibu na kubaki doa moja. Yenye dizeli hutoa duara la pili jepesi linalotangulia nje ya doa, na ukiinusa huna haja ya kuuliza. Baadaye mwaga oili yote kwenye chombo cha lita kilichoandikwa vipimo, uone imetoka ngapi. Kama ulitia lita 8 zikatoka 9, umepata jawabu lisilobishaniwa.

Inaingilia wapi? Kwenye injini hii mlango wa kwanza wa kuutazama ni ile pampu ndogo ya kuvutia dizeli iliyofungwa ubavuni mwa bloku, inayosukumwa na kamshafti. Ndani yake kuna ngozi ya mpira. Mara nyingi watu hufanya ovaholi kubwa na kuirudisha pampu hiyo ya zamani kama ilivyo, mpira umekauka, na kule kuipampu kwa mkono kutoa hewa baada ya kazi kunaupasua. Ikipasuka, dizeli hudondoka moja kwa moja kwenye sampu. Ifungue, ziba tundu la kutolea kwa kidole, pampu kwa mkono huku ukitazama upande unaoingia ndani ya injini. Ikidondoka hata kidogo, badilisha. Ni spea ya bei nafuu kati ya zote tulizozitaja.

Mlango wa pili ni sili ya shafti ya injekta pampu, inayoweza kuvujisha dizeli kwenye kasha la gia za mbele, na kutoka hapo kwenda kwenye sampu. Kama tangi lako limewekwa ukutani juu kuliko injini, kuna njia rahisi ya kujua. Weka alama kwenye kijiti usiku, acha bomba la dizeli wazi, usiwashe, tazama asubuhi. Oili ikiwa imepanda huku injini imelala, inavuja kwa uzito wa dizeli peke yake, yaani ni pampu ndogo au hiyo sili. Isipopanda, washuku pia nozeli zinazodondosha badala ya kunyunyiza. Dizeli isiyoungua hushuka kwenye laina, na ringi mpya ambazo hazijazoeana na laina huipitisha. Nozeli na injekta pampu hazifunguliwi uani. Zipeleke kwa fundi mwenye mashine ya kuzipimia. Hapo usibane matumizi.

Ukishaziba inapoingilia, tia oili mpya ya 15W-40 na filta mpya. Hiyo SAE 50 usiirudishe. Ikiwa baridi huchelewa kufika kwenye roka, na filta yenye valvu ya kupitishia pembeni huifungua hiyo valvu ili oili nzito ipite bila kuchujwa, wakati ambapo beringi mpya zinahitaji oili safi kuliko wakati wowote.

Filta ya zamani usiitupe. Kama ni ya kopo, ikate kwa patasi au mkasi wa bati. Usitumie msumeno wa chuma, utachanganya unga wa msumeno na ushahidi unaoutafuta. Toa ile karatasi, ikunjue kwenye mwanga wa jua, uikamue. Vumbi jeusi ni kawaida. Baada ya ovaholi, chembe chache za kung'aa nazo hazinitishi. Lakini ukiona vipande bapa kama magamba madogo ya samaki, pitisha sumaku. Visiponasa, huenda ni tabaka la beringi. Vikiwa na rangi ya shaba, tabaka la juu limekwisha liwa, na hapo acha majaribio mengine yote, sampu ifunguliwe.

Kipimo cha pili ni geji. Hewa ya Lamu ina chumvi, nayo hula viunganishi vya waya polepole hata ndani ya nyumba. Geji ya umeme inategemea mgusano mzuri kati ya kihisio na mwili wa injini, na fundi akizungushia kihisio utepe mwingi wa plastiki kwenye nyuzi zake, mgusano huo hupungua na geji husema uongo. Kwako nina mashaka kidogo kwamba ni geji peke yake, kwa sababu taa na swichi nazo zinakubaliana nayo. Hata hivyo sitaki ufungue injini kwa ushahidi wa waya. Azima geji ya mkono, ile ya bomba, uifunge pale kihisio kilipo, kwenye mfereji mkuu.

Washa, pakia mzigo wako wa kawaida, na uandike namba kila dakika 10 kwa saa nzima. Hakikisha mita ya umeme inasoma hezi 50, yaani mizunguko 1500 kwa dakika, kwa kuwa presha hufuata mwendo. Kitabu cha injini hii kinataka psi 30 hadi 60 ikiwa moto na katika mwendo wake wa juu, na 1500 uko chini ya huo. Kwa hiyo kwa jenereta usitarajie namba za trekta linalokimbia. Mafundi wengi wana kipimo cha chini kabisa cha psi 10 kwa kila mizunguko 1000. Kwako hiyo ni 15, na 12 iko chini ya hata hiyo huruma. Kwa maoni yangu, ikisimama 30 au zaidi ikiwa moto, shukuru Mungu ufunge kazi. Kati ya 20 na 30, unaweza kuitumia ukiifuatilia kila siku. Chini ya 20 na oili safi isiyo na dizeli, sampu lazima ishuke.

Kabla ya kufika huko, tazama chumba chenyewe. Hili halisemwi sana na kwetu linaua injini nyingi. Nyumba za mawe zimesongamana, majirani wanataka usingizi, basi jenereta inafungiwa ndani ya kuta nene na kidirisha kimoja. Rediata inatoa hewa moto, hewa hiyo inagonga ukuta, inazunguka na kuvutwa tena na feni. Kaskazi ikikolea, oili haipati pa kupoa. Injini ikiwa na mzigo, weka mkono karibu na feni, upande ule hewa inakoingilia, kisha toka nje usikie hewa ya uani. Tofauti ikiwa kubwa, injini yako inapumua joto lake yenyewe. Tengeneza njia ya bati au turubai nzito kutoka usoni mwa rediata hadi nje ya ukuta, na uache nafasi kubwa nyuma kwa hewa baridi kuingia. Oili ndani ya sampu ikikaa kati ya nyuzi 90 na 110 ni sawa. Ikipita 120, hakuna beringi nzuri itakayoficha hilo.

Tuchukulie umefanya yote na presha bado ni 15. Basi tunarudi kwenye krenki. Silinda hedi haiguswi, kazi inafanyika kwa chini. Shida ya jenereta ni kwamba injini imekaa kwenye kitanda cha chuma, na ili sampu itoke huenda ikabidi kuinyanyua. Boriti tatu imara zilizofungwa juu vizuri na cheni bloku zinatosha, lakini usimruhusu mtu aingie chini ya injini inayoning'inia kabla ya kuwekewa magogo ya kuikalia.

Kabla ya kufungua beringi yoyote, fanya jaribio hili. Nunua bomba jipya la kunyunyizia dawa za shamba, lile la kupampu kwa mkono, litie oili safi, uliunganishe kwenye tundu la kihisio, upampu, kisha tazama kwa tochi kutoka chini huku mwenzako akizungusha krenki polepole. Beringi nzima hudondosha matone unayoweza kuyahesabu. Beringi yenye mwanya mpana hutiririsha. Ukiona mchirizi unatoka mahali pasipo na beringi kabisa, ni kizibo cha mfereji kilichosahaulika au kilicholegea, na huenda ukamaliza kazi yako hapo hapo bila kugusa krenki. Jaribio hili huonyesha tatizo liko wapi, na geji haikwambii hilo.

Kisha fungua kifuniko kimoja kimoja, usivichanganye wala kuvigeuza. Soma nyuma ya kila kipande cha beringi. Iandikwe 020, yaani inchi 0.020 zilizosagwa, au 0.50 kwa milimita, zote bila kukosa. Moja ya 010 ikiingia kwenye shingo ya 020, mwanya unaongezeka kwa robo milimita. Angalia tundu la oili la beringi likutane na la bloku. Pangusa kukauke, laza ule uzi laini wa plastiki wa kupimia mianya, funga kifuniko kwa spana ya kupimia mkazo kwa kiwango cha kitabu, usizungushe krenki hata kidogo, fungua tena. Upana wa uzi uliobanwa, ukilinganishwa na karatasi yake, ndio mwanya wako. Andika namba ya kila shingo.

Tazama pia uso wa beringi. Ikiwa kuna vidoa vidogo vigumu vimezama ndani, ni mchanga. Injini iliyounganishwa uani huku upepo ukivuma hupata mchanga hata fundi awe hodari vipi, na mchanga ukizama kwenye beringi hugeuka msasa unaoisaga krenki. Simlaumu fundi wako. Namwomba tu safari hii afanye kazi ndani, milango imefungwa, na mifereji ya krenki isafishwe kwa brashi na kupulizwa.

Mianya ikiwa imezidi kitabu, uamuzi si wako wala wangu tena. Krenki inahitaji maikromita na mtu anayejua kuisoma, kwenye karakana ya kusaga, iwe Malindi au Mombasa. Kila shingo ipimwe mara mbili, kwa pande mbili zinazokatana, na upewe namba kwa maandishi kabla hujalipa. Ikiwa zote zimesagwa kupita 020, itabidi zisagwe hadi 030 kwa beringi mpya, mradi kitabu kinaruhusu. Ikiwa karakana ya kwanza ndiyo iliyopitiliza, hizo namba ndizo za kurudi nazo kwao kwa utaratibu. Wakati wa kuisafirisha, ipake oili, ifunge kwa nailoni na magunia, maana maji ya bahari yakiirukia kwenye boti kati ya Mokowe na Lamu, asubuhi utaikuta na kutu kwenye uso uliolipia usagwe.

Kuhusu msimu, sitakudanganya kwamba hakuna hasara. Jaribio la tishu, pampu ndogo, oili mpya na geji ya mkono vinaweza kumalizika kwa siku mbili au tatu ukiwa na spea, na nina matumaini makubwa kwamba sehemu kubwa ya shida yako imo humo. Ikibidi sampu ishuke, kodi jenereta au nunua barafu kwa mwenzako uwauzie wateja wako hata bila faida, ili wasikuhame. Na ikiwa baada ya kuondoa dizeli presha imesimama, tuseme, 22 ikiwa moto, kutumia 20W-50 mpaka kusi iingie ni jambo ninaloweza kulikubali, kwa sharti swichi ifanye kazi, kijiti kitazamwe kila asubuhi, na filta ikatwe na kukaguliwa kila unapobadilisha oili. Chini ya hapo, hapana.

Siku ya kuiwasha baada ya kuifunga, jaza oili kwenye mfereji kwa lile bomba la kunyunyizia mpaka uione kwenye roka. Zima dizeli, piga stata vipindi vifupi mpaka geji ipande, ndipo uwashe. Usiiache ikizunguka bila mzigo kwa masaa, ringi mpya zinataka mzigo ili zizoeane na laina. Ukishapata namba ya geji ya mkono injini ikiwa moto, na jawabu la kijiti cha asubuhi, niandikie hizo mbili, na unitajie tangi lako liko juu kiasi gani kutoka kwenye injini.